Baada ya Bati: Historia Fupi ya Wasio na Pa Kulala Mkoani Mara

Ukifika Butiama kuzuru kaburi la Mwalimu Nyerere, wenyeji watakuelekeza Mwitongo. Hapo ndipo Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki alipokuwa na mji wake, ndipo Mwalimu alipozaliwa mwaka 1922, na ndipo alipozikwa Oktoba 1999. Jina hilo lina maana ya mahame: mahali palipokuwa na mji wa watu, kisha wenyewe wakahama. Kiswahili nacho kina neno la ukoo huohuo, tongo, lenye maana hiyohiyo, ingawa siku hizi wengi wetu tunazijua tongotongo za macho tu.

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi kwa sababu ya kazi yangu. Mwandishi wa habari wa mikoani huandika sana juu ya majengo: jiwe la msingi limewekwa, bati limepandishwa, utepe umekatwa. Halafu tunarudi ofisini. Mahame yananikumbusha kwamba kuta zinaweza kuwa zimesimama bado na pasiwe na makazi. Kilichoondoka ni watu wanaowasha moto jioni na kuuliza nani bado hajarudi.

Basi hii ni historia fupi ya jambo ambalo Kiswahili hakina hata neno moja la kulitaja. Tunasema "wasio na makazi", maneno matatu ya kiofisi. Tunasema mzururaji, ombaomba, chokoraa, na yote hayo ni matusi au karibu na matusi. Lipo neno zuri la zamani, mkiwa, lakini mkiwa ni mtu aliyeachwa peke yake, asiye na wa kwake, hata kama ana nyumba. Nadhani waliolitunga waliona mbali kuliko wizara zetu nyingi. Na ushahidi mzuri uko Mara: Musoma, Bunda na Butiama, ambako swali la nani atamlaza asiye na pa kulala limejibiwa kwa njia tano au sita tofauti ndani ya miaka mia moja.

Nyumba isiyo na tofali

Tuanze na jibu la zamani. Kwa Wakurya na baadhi ya jirani zao, nyumba haikuwa jengo kwanza. Ndani ya mji wa mume mwenye wake wengi, kila mke alikuwa na nyumba yake, maana yake yeye, watoto wake, na ng'ombe waliohesabiwa kuwa wa upande wake. Mahari ya binti wa nyumba hiyo ilisaidia kuoza mvulana wa nyumba hiyohiyo. Nyumba ya namna hiyo ingeweza kuungua usiku, ikajengwa upya kesho, na ikabaki ileile. Iliyokufa kweli ni nyumba ambayo mama yake hakuacha mtoto.

Hapo ndipo inapoingia nyumba ntobhu. Sisi waandishi tukifika Mara huikimbilia kama kichekesho cha ukurasa wa mwisho: wanawake wanaoana! Lakini hebu itazame vizuri. Mwanamke mzee asiye na mtoto, au asiye na mtoto wa kiume, anatoa ng'ombe wa mahari na "kumuoa" mwanamke kijana. Kijana huyo anazaa na mwanamume, na watoto wanakuwa wa nyumba ya yule mama mzee. Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Watu wa Mara wakasema hapana, aoe.

Huo ulikuwa mpango wa kumhudumia mzee, wenye mtaji na wenye mhudumu ndani ya nyumba. Haukuwa mpango safi. Aliyelipa gharama ni binti wa kijana, mara nyingi wa familia maskini, wakati mwingine mtoto kabisa, na ng'ombe walikwenda kwa baba yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa kuwa ni ya mwanamume na mwanamke, kwa hiyo nyumba ntobhu ikivunjika, mzee hana pa kushtaki na kijana hana pa kudai. Ila jambo moja iliyolielewa ni hili: paa peke yake halimtoshi mtu asiyejiweza. Anahitaji paa na mtu.

Mzururaji

Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza walikuja na jibu lingine kabisa. Mwaka 1923 walitunga sheria ya watu mafukara, iliyompa hakimu uwezo wa kumshughulikia mtu aliyekutwa mjini bila kazi na bila njia ya kujikimu inayoonekana, ikiwa ni pamoja na kumrudisha alikotoka. Baadaye Kanuni ya Adhabu ikaweka makosa ya uzembe na uzururaji. Lugha ya sheria hizo ililetwa kutoka Uingereza, ambako kwa karne kadhaa fukara asiye na parokia alichapwa viboko na kurudishwa kwao.

Dhana yake ilikuwa rahisi: kila Mwafrika ana "kwao", na huko kwao kuna wa kumlisha. Kwa hiyo mtu anayelala barazani mjini Musoma hana tatizo la makazi, ana tatizo la nidhamu. Apelekwe kwao, mambo yatakwisha. Kama huko kwao kuna nyumba iliyokufa, kama ndiko alikotoroka kipigo, hakimu hakuwa na safu ya kuandika hilo kwenye faili.

Ingekuwa vizuri kusema kwamba dhana hiyo iliondoka na bendera ya Mwingereza mwaka 1961. Haikuondoka. Mwaka 1983, wakati uchumi umekwama na foleni za sukari zimerefuka, serikali yetu wenyewe ilipitisha Sheria ya Nguvu Kazi. Watu wasio na kazi za kutambulika mijini walikamatwa na kupelekwa vijijini au mashambani kulima. Dar es Salaam ndiyo iliyoonja zaidi, lakini neno "mzururaji" lilitisha kila mji wenye stendi. Wengi waliopelekwa walirudi baada ya muda mfupi, maana kilichowatoa huko mwanzo hakikuwa kimebadilika.

Mwaka 1974

Kati ya sheria ile ya 1923 na ile ya 1983 kulikuwa na ndoto kubwa, na lazima tuitendee haki. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, kabla hata ya Azimio la Arusha. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na Msajili wa Majumba akakabidhiwa kuyasimamia. Mwaka 1973 ikaanzishwa Benki ya Nyumba. Kwa nchi changa na maskini hii haikuwa kazi ndogo. Ila ilikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya miji, na hasa ya watu wenye mshahara, watu ambao mwisho wa mwezi wangeweza kulipa pango.

Kwa watu wa vijijini, yaani karibu Mara yote, sera ya makazi ilikuja kwa sura nyingine. Novemba 6, 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi katika vijiji vya ujamaa sasa ni amri. Mwaka uliofuata Mara ikahamishwa. Familia zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na mji wake, makaburi yake na malisho yake, ziliambiwa zisogee kwenye mistari iliyopimwa. Kwa nchi nzima zipo kumbukumbu nyingi za namna kazi ile ilivyofanyika: magari, mgambo, nyumba zilizoezuliwa au kuchomwa ili mtu asishawishike kurudi, na watu walioshushwa porini wakaambiwa wajenge wenyewe. Mwaka 1977 Mwalimu mwenyewe, akipima miaka kumi ya Azimio la Arusha, alieleza kuwa takriban watu milioni 13 walikuwa wanaishi vijijini kwa mpango huo.

Mwaka huohuo wa 1974, mwezi Novemba, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma mjini. Kilichotoka hapo kinaitwa Azimio la Musoma, na kinahusu elimu: kila mtoto wa umri wa shule aandikishwe shule ya msingi upesi kuliko ilivyokuwa imepangwa, na masomo yafungamane na kazi. Wengi wa wazee wetu walisoma kwa sababu ya azimio lile. Na hii ndiyo hoja ya waliotetea vijiji: huwezi kupeleka mwalimu, kisima na mganga kwa watu waliotawanyika milimani. Hoja ina uzito. Mtoto wa kike aliyejua kusoma mwaka 1980 huko Bunda alisoma pengine kwa sababu shule ilisogezwa karibu na nyumba yao, au nyumba yao ilisogezwa karibu na shule.

Lakini tazama serikali ilivyoielewa nyumba. Nyumba ilikuwa kitu cha kuhesabu, cha kupanga kwa kamba na kwa mstari. Kijiji kilipimwa kwa idadi ya kaya zilizohamia. Swali la nani anamchotea maji bibi kikongwe ambaye zamani alikuwa katikati ya mji wa ukoo wake, na sasa yuko kiwanja namba fulani kati ya majirani asiowajua, halikuwa kwenye fomu. Hawakuwa watu wabaya. Waliamini ujamaa wenyewe ungelijibu swali hilo. Kuanzia miaka ya 1980, mkono wa dola ulipolegea, wengi walirudi kwenye mahame yao wakalima tena. Mitongo ikawa miji upya. Wale wasiokuwa na nguvu ya kurudi walibaki walipo.

Vyombo vya ile ndoto vilifuata njia zao. Msajili wa Majumba aliunganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990. Benki ya Nyumba ilifungwa mwaka 1995. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Makazi ilipotoka mwaka 2000, kazi ya serikali ilikuwa kuweka mazingira ili watu na sekta binafsi wajenge. Ukisoma sera hiyo unaelewa mambo ya viwanja, mikopo na vifaa vya ujenzi. Mkiwa hajengi, na hakopesheki.

Wazee wa Nyabange

Wale waliobaki nyuma kabisa wana anwani. Nyabange, wilayani Butiama, kuna makazi ya wazee wasiojiweza yanayoendeshwa na serikali, mojawapo ya makazi ya aina hiyo yaliyotawanyika nchini kuanzia Nunge jijini Dar es Salaam na Fungafunga mjini Morogoro hadi Bukumbi mkoani Mwanza na Kolandoto mkoani Shinyanga. Kadhaa kati yake yalianza kama kambi za watu wenye ukoma, waliotengwa kwa hofu ya ugonjwa; ugonjwa ulipopata dawa, wengi hawakuwa tena na pa kurudi.

Nani anafika mahali kama hapo? Mtu asiye na mtoto. Mtu aliyehamia kutoka mbali kutafuta dhahabu au samaki na akazeeka bila ukoo. Bibi aliyetuhumiwa uchawi, jambo ambalo katika Kanda ya Ziwa limeua vikongwe wengi, na baadhi yao kosa lao kubwa lilikuwa macho mekundu ya moshi wa miaka mingi jikoni. Na mjane. Juu ya mjane sheria ina mchango wake: tamko la sheria za mila la mwaka 1963 linamnyima mjane urithi wa mali ya mumewe pale mume alipoacha ndugu wa ukoo. Wajane wawili wa Shinyanga waliofukuzwa kwenye nyumba zao walilipeleka suala hilo hadi kwa kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imekiuka haki zao. Yaani kuna watu ambao serikali inawatafutia pa kulala baada ya sheria yake yenyewe kuwatoa walipokuwa wamelala.

Sera ya Taifa ya Wazee ilitoka mwaka 2003. Inasema familia ndiyo mlezi wa kwanza, na makazi ya serikali ni kimbilio la mwisho. Maneno mazuri. Lakini miaka 20 baadaye Tanzania Bara ilikuwa bado haina sheria mahsusi ya wazee, na sera isiyo na sheria ni kama mwaliko wa harusi usio na tarehe. Zanzibar ilikwenda hatua zaidi: mwaka 2016 ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2020 ikatunga sheria ya wazee. Elfu ishirini ya wakati huo haikununua mengi. Ila pensheni hiyo ina kitu ambacho Nyabange na mfano wake vimekikosa siku zote: inakuja kila mwezi.

Fungua magazeti yetu uone picha za makazi ya wazee. Kikundi cha wafanyakazi kimepanga mstari, katikati kuna mifuko ya mchele, madumu ya mafuta, katoni za sabuni, na mzee mmoja ameshikishwa sukari atazame kamera. Tarehe ni ya Krismasi, au Pasaka, au Idi, au siku ya kuzaliwa ya taasisi fulani. Nimepiga picha hizo mimi mwenyewe. Mtu akisoma magazeti yetu peke yake atadhani wazee wa Tanzania hula sikukuu tu.

Kuna mpango mkubwa wa kusaidia maskini, huo wa TASAF wa kunusuru kaya maskini ulioanza mwaka 2012, na umesaidia watu wengi kweli. Lakini lisome jina lake pole pole: kaya. Msaada unapita kwa kaya iliyotambuliwa na mkutano wa kijiji. Mtoto anayelala stendi ya Bunda, pale barabara ya Mwanza kwenda Sirari inapokutana na ile ya Kisorya, hana kaya na hana kijiji kilichoitisha mkutano juu yake. Sensa ya Agosti 2022 ilijitahidi kuwafikia usiku watu wa namna yake, kwenye vituo vya mabasi na barazani, ili wahesabiwe. Kuhesabiwa ni mwanzo. Asubuhi yake karani aliondoka na kishikwambi chake, na mtoto akabaki na baraza lake.

Desemba

Jibu la karibuni zaidi halikutoka serikalini. Lilitoka kwa watu waliochoka kuona mabinti wakikimbia usiku.

Ukeketaji wa msichana chini ya miaka 18 ni kosa la jinai Tanzania tangu mwaka 1998. Adhabu ni kifungo cha miaka mitano hadi kumi na mitano, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Sheria ilikuwa imefikiria vizuri mahali pa kumlaza mkosaji: gerezani. Mahali pa kumlaza binti haikupataja. Na binti anayemripoti baba yake, mama yake au bibi yake hawezi kurudi kulala kwao usiku uleule. Kwa hiyo kwa miaka mingi sheria ilikuwa kama mlango ulioandikwa "kimbilia hapa", nyuma yake ukuta.

Walioubomoa ukuta huo ni masista, wachungaji, na wanawake wa Mara wenyewe. Kituo cha Masanga wilayani Tarime kilipokea wasichana msimu baada ya msimu. Musoma mjini, masista wa Kanisa Katoliki wanaendesha Jipe Moyo, kinachopokea watoto wa mitaani pamoja na wasichana waliokimbia ukeketaji na ndoa za utotoni. Na Rhobi Samwelly, ambaye amesimulia hadharani kwamba alikeketwa akiwa msichana na akanusurika kufa, anaongoza shirika la Hope for Girls and Women, lenye Nyumba Salama mbili: moja Mugumu, Serengeti, na nyingine Kiabakari, wilayani Butiama, kando ya barabara kuu, si mbali na Mwitongo.

Msimu wenyewe ni Desemba, shule zikifungwa. Kwa koo nyingi za Kikurya mwaka unaogawanyika kwa mbili ndio mwaka wenyewe. Wasichana wanaanza kufika: wengine kwa miguu, wengine wameletwa na polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto, wengine wameibiwa nafasi kwenye bodaboda na shangazi aliyekataa. Kwa kuwa vijiji vingi vya Mara havikuwa kwenye ramani za maana, mradi wa Crowd2Map ulioanza mwaka 2015 uliwakusanya watu wa kujitolea duniani kote kuchora barabara na mitaa yake kutoka kwenye picha za satelaiti, ili polisi wakipigiwa simu usiku wajue waelekee wapi. Mtu aliyeketi London alichora njia ya kwenda kwenye kitongoji ambacho halmashauri haikuwahi kukichora.

Sasa, hapa ndipo hadithi nyingi za magazeti huishia. Binti ameokolewa, picha imepigwa. Lakini sehemu ngumu inaanza Januari. Afisa ustawi wa jamii na watu wa kituo wanakwenda kwa wazazi, wanazungumza, wanaandikiana ahadi mbele ya polisi na uongozi wa kijiji kwamba binti hatakeketwa. Wengi wanarudi nyumbani na kufuatiliwa. Wapo wanaokataliwa kabisa. Baba anasema huyu si mwanangu tena. Huyo anabaki. Na kubaki maana yake ni madaftari, sare, taulo za kike, nauli, homa ya malaria, cherehani ya kujifunzia ushonaji, mtu wa kukaa naye anapoamka usiku akilia. Miaka miwili, mitatu, minne. Kwa wataalamu wa mambo ya makazi, hicho ndicho kinachoitwa makazi yenye huduma: paa pamoja na mtu wa kukusimamia mpaka usimame. Mama mwenye nyumba ntobhu angeelewa mara moja, ila hapa hakuna binti anayelipwa kwa ng'ombe.

Nani analipa? Polisi analeta binti. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka utaratibu wa kusajili na kukagua makao ya watoto. Mipango ya taifa ya kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ule wa kwanza wa 2017/18 hadi 2021/22 na uliofuata, inazitaja nyumba salama kama nguzo. Kwa hiyo serikali inaleta, inasajili, inakagua na inataja. Unga wa ugali, kwa sehemu kubwa, ananunua mfadhili. Na mfadhili huhama. Mwaka 2025, Marekani ilipovunja shirika lake la misaada la USAID, nchi nzima ilikumbushwa jinsi fedha ya mwenzako inavyoweza kuondoka kati ya Jumatatu na Ijumaa.

Hesabu ya kila mwezi

Kuna watu watasema haya ni mambo ya nchi tajiri. Nchi tajiri nazo zilichelewa kujifunza. Mwaka 1992, New York, mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianzisha mpango wa kumpa mtu wa mtaani chumba chake kwanza, bila kumtaka kwanza aache pombe au apone akili, kisha wahudumu wamfuate humohumo. Ufini ikaufanya mwelekeo huo kuwa sera ya taifa kuanzia mwaka 2008. Watu wasio na makazi nchini humo walikuwa zaidi ya 15,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Kufikia 2022 walikuwa chini ya 4,000. Halafu mwaka 2024, baada ya serikali kupunguza posho za makazi na huduma, idadi ikapanda kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Nyumba zilikuwa zilezile. Kilichopungua ni hesabu ya kila mwezi.

Hilo ndilo somo ninaloliona katika miaka mia hii ya Mara. Mkoloni alidhani asiye na pa kulala anahitaji kurudishwa. Ujamaa ulidhani anahitaji kupangwa kwenye mstari. Sera ya 2000 ilidhani anahitaji kiwanja na mkopo. Sisi waandishi, Mungu atusamehe, tulidhani anahitaji picha. Kila jibu lilikuwa la mara moja: lori moja, bati moja, gunia moja. Lakini kuishi ni gharama inayorudi kila asubuhi, na nani anaibeba ndilo swali ambalo kila kizazi kimelikwepa kwa namna yake.

Siyo kwamba hatujui kuweka fungu la kudumu. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Utaratibu huo umekuwa na matatizo yake, ulisimamishwa mwaka 2023 ukarudishwa baadaye, lakini umethibitisha jambo moja: ikiandikwa kwenye sheria, mweka hazina wa halmashauri anaitafuta. Hebu fikiria Butiama, Bunda, Serengeti na Tarime zikilazimika kutenga hata sehemu ndogo ya asilimia moja kwa ajili ya unga, matroni na mlinzi wa nyumba salama zilizomo ndani ya mkoa. Fikiria makazi ya Nyabange yakiwa na fungu ambalo haliwezi kuhamishiwa ununuzi wa gari. Hakuna atakayekata utepe. Hakuna hata habari ya kuandika, labda mstari mmoja kwenye kitabu cha bajeti.

Nikipita tena Kiabakari Desemba ijayo, najua kutakuwa na kamera, na pengine mojawapo ni yangu. Nimejiwekea nadhiri ya kurudi mwezi Machi, wakati hakuna sikukuu na wageni wameondoka, nikaulize swali moja la kawaida tu: mwezi huu unga mmeupata wapi?